Tuzo Zilizotolewa Mapema

Siku goti langu lilipoharibika nilisikia mlio mdogo, kama mtu amevunja kijiti cha kuwashia moto. Nilikaa chini kwenye nyasi nikamwangalia mwamuzi akikimbia kuelekea upande mwingine wa uwanja, maana mpira ulikuwa umeshaondoka kwangu. Maumivu yalikuja baadaye, nikiwa tayari nimelazwa kwenye benchi la wachezaji wa akiba. Huko hospitali daktari aliniambia kano zimekatika, na kwamba nikitaka kuja kutembea bila fimbo uzeeni niachane na mpira. Nikamshukuru. Nilimshukuru kama mtu aliyeelekezwa njia ya kwenda stendi, nikakusanya karatasi zangu nikatoka.

Nikarudi kusini, Nkowe, kwa shangazi. Yeye ndiye aliyenilea tangu nilipoanza shule, kwa sababu kwetu Kilimarondo shule ilikuwa mbali na njia ina wanyama. Shangazi alinitandikia godoro karibu na mlango wa uani, akaniwekea ungo wa choroko mapajani, akasema nichambue. Majirani walikuja kunipa pole nami nikawajibu nimeshapoa. Nilichambua choroko ya nyumba nzima, kisha ya jirani, kisha ya jirani wa jirani. Mguu ulikuwa na ganzi kuanzia pajani kushuka, na sehemu nyingine ya mwili, hadi kichwani, ilikuwa imeamua kuungana nao.

Ya daktari nilimwambia shangazi peke yake. Baba sikumwambia. Baba alijua nimeumia na nitapona, kama watu wanavyoumia jembe likiwapiga mguuni na kupona.

Siku moja nikiwa na ungo wangu, simu ikaita kwa namba nisiyoijua. Alikuwa mtu wa kamati ya tuzo za wanamichezo, zile zinazorushwa kwenye televisheni kila mwaka, watu wakivaa suti na magauni marefu ukumbini Dar es Salaam. Akasema, "Hongera sana dada. Umeingia kwenye watatu bora, mchezaji bora wa kike." Nikamwambia siwezi kusafiri, mguu haukunjiki. Akasema hakuna shida, mwenzangu mmoja wa timu anaweza kuja kwa niaba yangu. Halafu, kama mtu anayeongezea kipimo sokoni, akasema, "Na tutaonyesha mabao yako."

Ni hilo la mwisho lililonifanya niushushe ungo. Baba yangu hajawahi kuniona nikicheza mpira, hata siku moja. Nilipoanza nilikuwa huku Nkowe, nikicheza na wavulana kwenye kiwanja cha shule, yeye yuko Kilimarondo shambani. Nilipohamia timu ya Ruangwa mjini alikuwa shambani. Nilipochukuliwa Dar alikuwa shambani. Mechi zetu za wanawake zinarushwa kwa nadra, na hata zingerushwa kila siku, nyumbani kwetu hakuna televisheni na nyumba ya jirani yenye nayo iko mbali. Sasa daktari amesema mpira basi. Kama baba ataniona nikicheza katika maisha yake, itakuwa siku hiyo, kwenye hayo mabao, au haitakuwa tena.

Kabla sijaendelea lazima niseme kidogo kuhusu baba na dungu. Kilimarondo mashamba yamepakana na pori. Mchana wanakuja nyani na ngedere, usiku nguruwe, na wakiamua, tembo. Kwa hiyo kila shamba lina dungu lake, kile kichanja cha miti chenye paa la nyasi, na kila dungu lina mtu na debe lake la kupiga. Mashamba yamepangana mstari, na mtu akiacha dungu lake wazi, wanyama hawaishii kwake, wanapita kwake kwenda kwa wenzake. Kwa hiyo hakuna anayeondoka bila kuaga.

Na kuna sheria moja ambayo hata mtoto anaijua. Mtu akipiga kelele kwamba wameingia, wa dungu la pili haamki kukimbia hivi hivi. Kwanza anauliza kwa sauti, "Umeona?" Na yule lazima ajibu, "Nimeona." Kama amesikia tu majani yakitikisika, anasema nimesikia, na watu wanangoja. Anayesema nimeona na hakuona, akawakimbiza watu wazima kwenye tope kwa sababu ya upepo, jina lake linaharibika kwa msimu mzima, na ile misimu mingine atakumbushwa kwa utani hadi achoke. Baba amelinda dungu tangu hajaota ndevu. Hajawahi kusema nimeona na hakuona. Ndiyo maana watu walipokuwa wakimwambia binti yako anatikisa nyavu huko Dar, yeye alikuwa akijibu, "Mimi nimesikia." Hakuwa akidharau. Alikuwa akisema ukweli wake.

Nikampigia. Mtandao kule unashika ukipanda kwenye kichuguu, kwa hiyo mazungumzo yetu siku zote huwa mafupi.

"Baba, wataonyesha mabao yangu kwenye televisheni. Jumamosi usiku. Marudio Jumapili mchana."

Nikasikia upepo wa kichuguuni.

"Usiku siwezi, mama," akasema. Ananiita mama kwa sababu nimerithi jina la mama yake. "Mahindi mabichi. Usiku ni tembo. Jumapili nitakuja Nachingwea mjini, tuangalie pamoja. Nitaongea na wenzangu."

Aliongea na wenzake wa mstari. Wakakubali kujitanua: wa kulia na wa kushoto wagawane shamba lake kwa siku hiyo na usiku wake. Sharti lao lilikuwa moja. Akirudi, awasimulie yote.

Wiki ile Nkowe nzima iliongelea tuzo. Ninasema nzima, lakini namaanisha kijiwe cha bodaboda, duka la mangi, na wanaume wawili wenye redio. Ubishi ulikuwa juu ya mchezaji bora wa kiume, kama yule mshambuliaji wa timu hii anastahili kuliko yule kiungo wa timu ile. Mmoja alisema tuzo zimeshapangwa, zimepangwa tangu mwaka jana. Mwingine akasema zote ni za Dar, mtu akikimbia kwa kasi huku kwetu hata mbwa hamfukuzi. Nilikubaliana nao wote. Nilikuwa nakubaliana na kila mtu wakati ule, ilikuwa rahisi zaidi.

Dereva mmoja wa bodaboda alikuja hadi uani kwa shangazi kunipa taarifa. "Dada, usiwe na wasi, kijiwe kizima tumekupigia kura kwa simu."

"Mmepigaje?"

"Tumetuma jina lako kwenye ile namba."

"Na wamewajibuje?"

Akakuna kichwa. "Wamejibu chaguo hilo halipo. Sote wametujibu hivyo hivyo. Tukaona labda mtandao, tukarudia."

Kura za mashabiki zilikuwa za wanaume peke yao. Upande wetu kamati ndiyo iliyokaa na kuchagua. Sikuwa na moyo wa kumwambia. Nikasema asante, nikampa choroko ya kupeleka nyumbani kwake. Shangazi alicheka hadi akakaa chini, nami nikatabasamu kwa sababu alikuwa ananiangalia.

Jumamosi usiku umeme ulikatika Nkowe, tukalala. Asubuhi nikakuta ujumbe wa mwenzangu wa timu: tumeshinda, tuzo ninayo mimi, nitakutumia kwa basi. Nikamjibu kwa kile kipicha cha dole gumba. Shangazi alipiga vigelegele peke yake uani, majirani wakamwitikia kabla ya kujua ni vya nini, wakaja, wakaambiwa, wakapiga tena vya kwao. Mama mmoja alinishika mashavu akaniuliza, "Mbona hulii, mwanangu? Wenzio hulia kwa furaha." Nikamwambia nitalia nikifika Nachingwea.

Nilimkuta baba amenitangulia. Alikuwa amekaa kwenye ukingo wa baraza la duka karibu na stendi, kanzu nyeupe na kofia yake ya Idi, miguuni tope lililokauka hadi magotini. Kanzu aliivaa alipofika. Njiani alikuwa ameifunga kwenye mfuko wa nailoni, kwa sababu bodaboda iliteleza mara kadhaa na akalazimika kushuka kuisukuma. Pembeni yake palikuwa na kiroba cha mahindi mabichi.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mama. Mguu?"

"Unaendelea."

Aliutazama mguu wangu namna anavyotazama mhindi ulioliwa, kwa makini na bila kuushika. Kisha akanipa mkono nikaushikilia, tukaenda polepole.

Mwenye kibanda cha kuonyeshea mpira, tulikokuwa tunakwenda, ni mtu wa kijiji cha Lionja. Kibanda ni cha mabati, madirisha yamezibwa kwa nailoni nyeusi, mabenchi ya mabanzi, joto la kuivisha ndizi. Nilikuwa nimempigia asubuhi kumwomba aweke marudio ya tuzo kabla ya mechi ya Ulaya ambayo watu walikuwa wanaijia. Alikubali. Akatutolea viti vya plastiki, akaviweka mbele kabisa, akasema kwa sauti, "Mpisheni mzee." Hakusema mimi ni nani na mimi nikamshukuru kwa hilo. Nilikuwa nimejitanda mtandio hadi usoni.

Baba alikaa wima, mikono magotini. Ndivyo anavyokaa dunguni.

Vipindi hivyo ni virefu. Kwanza walicheza ngoma, kisha hotuba, kisha hotuba ya kumshukuru aliyetoa hotuba. Ukumbi ulikuwa mzuri, maua kila meza. Nyuma yetu watu walikuwa wakitoa maoni yao.

"Huyo mbona kavaa miwani usiku?"

"Ndiyo mjini huko."

"Mpaka wampe yule kiungo. Wasipompa, mimi tuzo zao siangalii tena."

"Mwaka jana ulisema hivyo hivyo."

Akatajwa mkimbiaji bora, mzee mmoja akapewa ngao ya heshima kwa kazi yake ya zamani, wakaonyesha picha zake za ujanani akikimbia pekupeku. Baba akaitikia kwa kichwa. Akaniinamia, akasema taratibu kwa Kimwera kwamba yule mzee ana miguu mizuri. Nikamwambia ndiyo. Moyo wangu, ambao ulikuwa umekaa kimya tangu siku ya goti, ukaanza kupiga. Nilikasirika nao. Nilikuwa nimeshakizoea kimya chake.

Likaja tangazo la sabuni. Likaja la mtandao wa simu. Likaja la bia, baba akatazama chini kama anavyofanya siku zote mpaka likaisha. Kisha mtangazaji akarudi, kijana aliyechana nywele vizuri, akatabasamu na kusema, "Karibuni tena. Kwa kuokoa muda, hizi hapa ni tuzo nyingine zilizotolewa mapema."

Chini ya kioo maandishi yakaanza kupita, madogo, kutoka kulia kwenda kushoto, juu yake mtangazaji akiendelea kuongea na mgeni kuhusu maandalizi ya ukumbi. Mwamuzi bora. Kocha bora wa vijana. Mchezaji bora wa kike, na jina langu, yote mawili, la kwangu na la baba. Likapita. Mchezaji bora wa mpira wa pete. Mwanamichezo bora mwenye ulemavu.

"Hapo, baba," nikasema, nikanyoosha kidole.

Baba alisoma madrasa, anasoma Kurani vizuri sana, lakini hizi herufi nyingine anazijua moja moja, na anahitaji muda. Alitazama kidole changu, akatazama kioo. Nilipokuwa nimeonyesha palikuwa pameshapita mwogeleaji.

"Wapi?" akasema.

"Limepita."

Akaendelea kutazama pale pale. Alitazama pale hadi walipomtaja mchezaji bora wa kiume, wakaonyesha mabao yake yote, la kulia, la kushoto, la kichwa, kwa mwendo wa kawaida na kwa mwendo wa polepole. Kibanda kikalipuka. Hakuwa yule kiungo. Mmoja alisimama juu ya benchi akasema aliwaambia zimepangwa. Mwingine, sauti ya kijana, akauliza katikati ya kelele, "Hivi na wanawake nao wamepewa?" Mwenzake akamjibu, "Wamepewa, imepita hapo chini." Hakukuwa na dharau katika jibu lake. Alikuwa anamweleza tu ilipopita.

Mwenye kibanda akasogea, akainama sikioni kwangu. "Dada, labda mwisho wataonyesha." Tukangoja. Mwisho ulikuwa ni watu wote jukwaani na makaratasi ya kumeremeta yakidondoka. Nilimwona mwenzangu wa timu nyuma kabisa, bega na kipande cha gauni, amebeba kitu kilichofunikwa na mgongo wa mtu mnene. Sikumwonyesha baba. Angeniuliza wewe umo wapi, na mimi sikuwemo.

Tulitoka mechi ilipoanza. Tulikaa baraza lile lile la mwanzo, baba akanunua chai mbili na mihogo ya kuchemsha. Alikuwa amevua kofia na kuiweka pajani.

"Wataonyesha tena lini?"

"Hawaonyeshi tena, baba."

Akafikiri. "Basi baada ya kuvuna nitakuja huko huko uwanjani. Nitapanda basi."

Hapo ndipo nilipomwambia. Nilimwambia kwa maneno ya daktari, kano, goti, uzeeni, fimbo, bila kuongeza wala kupunguza. Nilijishangaa kwa jinsi sauti yangu ilivyokuwa tulivu. Baba hakusema pole. Alichukua muhogo, akautoa uzi wa katikati, akaniwekea kwenye sahani yangu kama alivyokuwa akinifanyia nilipokuwa mdogo. Tukala.

Tulilala kwa ndugu pale mjini, na asubuhi nikaamua kwenda naye nyumbani. Tulipanda mishikaki, watatu kwenye bodaboda moja, baba katikati, mimi nyuma na mguu umenyooka pembeni kama ufagio. Kwenye tope tulishuka na yeye akanibeba mgongoni hadi palipokauka. Nilikuwa mtu mzima, mchezaji bora wa mwaka, mgongoni kwa mzee wa kanzu iliyofungwa kwenye nailoni. Dereva wa bodaboda alituangalia akaacha kuangalia.

Mahindi ya baba yalikuwa salama. Wenzake walikuwa wameyalinda kuliko ya kwao. Mwenye shamba la kushoto, mama mmoja mjane ambaye ndiye mwenye sauti kubwa kuliko wote kwenye mstari, alikuwa amepoteza kona nzima upande wake mwenyewe alipokuwa akizungukia upande wetu. Mabua yalikuwa yamelala, magunzi yametupwa huku na kule. Hakulitaja. Alinikumbatia, akaniambia nimekonda, akawaita wengine.

Walikuja adhuhuri, baada ya swala, saa ambayo nyani nao hupumzika. Wengine walikaa chini ya dungu la baba, wengine walibaki kwenye madungu yao ya karibu, panasikika. Walikuja na mahindi ya kuchoma, na nyuso zao zilikuwa nyuso za watu waliokuja kuchukua kilicho chao. Mimi nilikaa juu ya dungu, mguu umening'inia, sikujua pa kuangalia. Nilijua atawaambia ukweli. Nilikuwa nimeshauandaa uso wangu kwa ajili ya ukweli huo, na uso wangu wakati ule haukuhitaji maandalizi mengi.

Baba alisimama. Hakuwahi kuwa mwongeaji.

"Ukumbi ulikuwa mkubwa," akasema. "Maua kila meza."

Wakaitikia.

"Wakamleta mzee mmoja aliyekuwa akikimbia zamani. Wakampa ngao."

Wakaitikia.

"Kisha wakamwonyesha huyu."

Nikageuka.

"Alikuwa na jezi," akasema baba, akitazama mahindi na si watu. "Mpira ulimjia kutoka kwa mwenzake, kwa mbali. Akauacha upite kidogo. Akaja beki, mkubwa, akamzunguka. Kisha akapiga kwa mguu wa kulia. Mlinda mlango akaruka, hakuupata. Wavu ukatikisika. Watu wote ukumbini wakasimama. Na wakarudia, polepole, ili kila mtu aone."

Mimi ninapiga kwa kushoto. Maisha yangu yote nimefunga kwa mguu wa kushoto, huo huo uliokatika kano, na wa kulia ni wa kusimamia tu. Yeye hakujua hilo, angelijuaje. Kitu kikali kilinijia, na sikukitambua mara moja kwa sababu nilikuwa nimekaa muda mrefu bila kusikia chochote. Nilimpenda baba yangu mpaka ikauma. Nilitaka kumwambia anyamaze na nilitaka aendelee.

Watu walikuwa wakilitazama hilo bao. Kisha kutoka dungu la kushoto, juu ya kona yake iliyoliwa, yule mama mjane akauliza kwa sauti yake kubwa, kama inavyoulizwa.

"Umeona?"

Mkono wa baba ulikuwa kwenye nguzo ya dungu, karibu na mguu wangu, na nikauona ukikaza.

"Nimeona," akasema.